Vidole Vilivyofiwa

Mjomba wangu tulimwita Noko. Ni neno la Kilingala, lakini Kisangani Kilingala na Kiswahili hulala chumba kimoja na hakuna anayeuliza shuka ni la nani. Noko alikuwa na kibanda cha kupiga mashini katika komini ya Makiso: meza mbili, kompyuta mbili, printa moja iliyokohoa kila asubuhi, na kibao alichokiandika kwa mkono wake, Saisie, Impression, Reliure, yaani kuchapa, kutoa chapa, kujalidi. Wanafunzi wa chuo kikuu, UNIKIS, walimletea karatasi zao za kalamu, zenye mishale, mistari iliyokatwa na madoa ya mawese. Yeye alizirudisha zikiwa tasnifu.

Hakutazama kibodi. Hilo si ajabu, wachapaji wengi hawaitazami. Ajabu ni kwamba hata skrini aliitazama kwa nadra. Macho yalikuwa kwenye karatasi, yakipigana na mwandiko wa mtu, na mkono wa kulia ulikwenda wenyewe: ukashika kipanya, ukapanda juu kushoto, ukabonyeza Fichier, ukashuka kidogo, ukarudi. Fichier, Édition, Affichage, Insertion, Format, Outils, Tableau, Fenêtre. Maneno manane ya menyu ya Word ya Kifaransa, na alama ya kuuliza mwishoni. Siku nyingine aliyataja kwa sauti ya chini kwa mpangilio huohuo, kama mama mzee na tasbihi yake kule kanisa kuu la Mama wa Rozari, kando ya mto.

Mwaka 2009 nikamharibia.

Nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na diski ya Office 2007, na nilijiona mtu. Jumapili, yeye akiwa misani, nikafungua kibanda, nikaifuta programu ya zamani, ile ya 2003, nikaweka mpya, nikapangusa na vumbi la skrini. Nilitaka Jumatatu imkute kama zawadi.

Jumatatu akaja, akawasha jenereta, akaketi, akafungua karatasi ya mteja wa kwanza. Mkono ukapanda juu kushoto. Fichier haikuwepo. Palikuwa na duara lenye viraba vya rangi, bila neno. Mkono ukasimama hewani, kipanya kikatetemeka kidogo, na kwa mara ya kwanza nilimwona Noko akiinua kichwa kuitafuta skrini kama mtu aliyeamshwa usingizini nyumba isiyo yake.

“Mwana,” akasema, “baliipeleka wapi?”

“Noko, hii ni mpya. Ni nzuri kuliko ile. Utazoea.”

Nilisema neno hilo kwa wepesi sana. Nitalirudia.

Waliotengeneza programu ile hawakuwa wajinga. Microsoft waliipeleka sokoni Januari 2007 baada ya kuona kwamba menyu zao zilikuwa zimevimba mwaka hadi mwaka, hata watu wakawa wanaomba vitu ambavyo tayari vilikuwa ndani, vimezikwa. Wakafuta zile orodha za kushuka, wakaweka utepe mpana wenye vitufe vya picha. Kwa anayeanza leo, utepe ni rahisi. Noko hakuwa anaanza leo.

Na utepe haukuwa jambo zito kuliko yote. Zito lilikuwa lile ambalo halikuonekana. Kila programu ina mambo inayoyafanya pale usipoiambia kitu: herufi za kuanzia, nafasi kati ya mistari, jina la faili. Wataalamu huyaita machaguo ya awali. Mimi nayaona kama chumvi ambayo mama huitia bila kupima. Hakuna anayeisifu, hakuna anayeiona, lakini ikibadilika nyumba nzima inaweka vijiko chini. Word ya zamani ilianza na Times New Roman ya 12 na mistari iliyokaribiana. Mpya ilianza na Calibri ya 11, ikaachanisha mistari, na kila aya ikaongezewa nafasi chini yake ambayo hakuna aliyeiomba.

Sasa, Noko alilipwa kwa ukurasa.

Wiki ileile akaja mama mmoja, mwalimu, mwenye barua ya kuomba kazi. Alikuwa mteja wa zamani. Barua yake ya namna hiyo ilikuwa imeshapigwa pale kibandani mara mbili, na siku zote ilitosha ukurasa mmoja, sahihi ikikaa chini kwa heshima. Safari hii zile salamu ndefu za Kifaransa za kufungia barua ziliangukia ukurasa wa pili, peke yake na mahali pa sahihi, kama abiria aliyeachwa na boti ya baleinière ufukoni. Mama akazishika zile karatasi mbili, moja kwa kila mkono. “Mwaka jana ukurasa mmoja. Leo mbili. Maneno ni yaleyale. Papa, umeanza na wewe?”

Noko hakuwa na jibu, kwa sababu hakuwa amefanya kitu. Mashini ilikuwa imefanya kile ambacho hakuna aliyeiambia. Alichukua pesa ya ukurasa mmoja, wino na karatasi ya pili vikawa juu yake. Baadaye alijifunza kuirudisha ile nafasi ilivyokuwa, lakini ilimbidi akumbuke kila mara, na kukumbuka ni kazi ambayo mkono wake ulikuwa umeshaachishwa miaka mingi nyuma. Mama mwalimu sikumwona tena pale.

Mtaani kwetu mtu akifariki, turubai linafungwa kukata barabara, viti vya kukodi vinapangwa, na watu wanakesha. Hata aliyemjua marehemu kwa salamu tu anakuja, anakaa, anasema pole, anakunywa chai. Nimefikiri sana kuhusu Jumatatu ile, na kinachonikera si kwamba Noko alipoteza kitu. Ni kwamba hakuna aliyesema pole. Mwizi angeiba printa, Makiso nzima ingejaa mlangoni. Lakini kilichoibiwa kilikuwa njia ya mkono, kitu cha miaka kumi, kisicho na uzito wala risiti, na mahali pake palikuwa na kitu kinachong'aa zaidi. Mwanafunzi mmoja alicheka. “Noko amezeeka,” alisema. Wiki moja kabla, mwanafunzi huyohuyo alikuwa akiwaambia wenzake hakuna mwenye mkono mwepesi kama ule mjini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alifika, mwenyeji akaugua.

Ingekuwa mji mwingine labda ningeliacha jambo hili. Lakini Kisangani ni mji uliobadilishiwa mambo ya msingi mara nyingi kuliko simu yoyote. Hadi 1966 uliitwa Stanleyville. Oktoba 1971 nchi ikalala Kongo ikaamka Zaire, na mto nao ukaitwa Zaire, ingawa maji yaliendelea kushuka kama jana. Mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku: Noko, aliyekwenda shule na jina la mtakatifu, akakuta jina la babu yake kwenye daftari la mwalimu, na kwa wiki kadhaa, alikuwa akisimulia, aliitwa na hakuitika. Si kwa ukaidi. Sikio lilikuwa halijafika. Mwaka 1997 Zaire ikaondoka na Mobutu, Kongo ikarudi. Wengine wakachukua tena watakatifu wao. Noko akabaki na babu yake, alikuwa ameshamzoea.

Na pesa. Zaire iliingia 1967 ikachukua nafasi ya faranga. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo watengenezaji wa programu wangepaswa kulisoma darasani: watu wa Kasai walikataa. Hawakuandamana hadi Kinshasa. Walikataa tu kuzipokea noti mpya sokoni, wakaendelea kununuliana kwa zile za zamani zilizochakaa, kwa miaka. Benki kuu ilikuwa imeshasema pesa ni hii. Kasai ikajibu pesa ni ile tunayoijua thamani yake. Faranga ilirudi 1998.

Silinganishi jina la nchi na kitufe cha kompyuta, msinielewe vibaya. Tena katika nyumba yetu hakuna aliyemlilia Stanley. Jina lile lilistahili kwenda, na kwa ajili hiyo siamini kila kilio cha “turudishieni ya zamani”. Mazoea hulinda hata yaliyooza. Lakini majina na pesa vilipobadilika, redio ilitangaza. Ulijua siku, ulijua nani kaamua, ulijua wa kumlaani kimoyomoyo. Programu hubadilika usiku, nawe umelala, na kwa wengi wetu hubadilika kwa megabaiti ulizolipia mwenyewe. Asubuhi hakuna wa kumuuliza.

Wenye sauti hulalamika, na wakati mwingine husikilizwa. Februari 2017 WhatsApp iliondoa ile sentensi fupi ambayo kila mtu aliiandika chini ya jina lake, ikaweka picha na video zinazofutika baada ya saa 24. Nakumbuka watu walivyoduwaa: wengine walikuwa wameweka pale mstari wa zaburi, wengine jina la mtoto waliyemzika. Kelele zilipita kiasi, na mwezi uliofuata sentensi ikarudishwa. Windows 8 ilitoka Oktoba 2012 bila kile kitufe cha kuanzia kilichokuwa kimekaa pembeni tangu 1995. Mwaka mmoja baadaye, katika 8.1, kikarudi, ingawa kilirudi nusunusu, kama mume aliyefukuzwa akarudi kulala sebuleni.

Kisa ninachokipenda ni cha mwaka 2011. Wanaotengeneza GNOME, sura ya kompyuta inayotumiwa na watu wengi wa Linux, waliibadilisha tangu mlango hadi jiko. Watumiaji wakaghadhibika. Lakini programu ile ni huru, mtu yeyote anaweza kuuchukua msimbo wake, na mtumiaji mmoja wa Argentina akafanya kama Kasai: akaichukua ile ya zamani iliyoachwa, akaanza kuitunza. Akaiita MATE, jina la majani wanayoyanywa kwao kama sisi chai. Ipo hadi leo, na ina watu wanaoitunza. Hao hawakupewa walichopoteza. Walikiokota.

Noko hangeweza kuokota. Alichokipenda kilikuwa cha wenyewe, na hata programu niliyoifuta haikuwa halali, sote tunajua.

“Watazoea.” Ndilo neno la kila aliyewahi kubadilisha kitu cha mtu mwingine, na nimelisema kwa mdomo wangu, kwa hiyo najua limejaa nini: fahari, haraka, na hesabu ya kweli. Maana ni kweli, watu huzoea. Noko naye alizoea kiasi. Lakini mjane naye huzoea kupika nusu sufuria, na hakuna anayesema kwa hiyo hakufiwa.

Mama Leki, mdogo wa mama yangu, ana kimeza cha pesa za simu huko Mangobo, chini ya mwavuli. Hasomi Kifaransa vizuri. Haijawahi kumzuia: menyu ya kampuni aliijua kwa namba, moja, mbili, moja, kisha kiasi, kisha nambari ya siri, huku akizungumza na wateja wawili na kufukuza mbuzi. Siku moja kampuni ile, ambayo sitaitaja, ilichomeka huduma mpya juu ya orodha. Namba zote zikashuka ngazi moja. Kwenye skrini yalikuwa mabadiliko ya mstari mmoja. Kwa Mama Leki ilikuwa kwamba mtu kaamka usiku akasogeza ngazi za nyumba. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshamnunulia mteja vocha ya pesa ambayo mteja alitaka kuitoa. Akairudisha kutoka mfukoni mwake. Nilipokwenda jioni nikamkuta ameandika namba mpya kwa kalamu ya bluu kwenye kiganja, kama mtoto wa shule siku ya mtihani, na midomo inatembea. Hakulalamika juu ya pesa. Alisema, “Nasikia kama mkono si wangu.”

Sijasikia aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi.

Maana ujuzi huu haukai kichwani. Ukimuuliza Mama Leki namba zilikuwa zipi, anafunga macho na kusogeza kidole gumba hewani, ndipo anazipata. Kidole ndicho kinachojua, yeye husoma kutoka kwake. Wageni wakija Kisangani tunawapeleka kuwaona Wagenya kwenye maporomoko, wale wanaosimamisha miti mikubwa katikati ya maji yanayounguruma, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakaning'iniza vikapu vikubwa vya kutegea samaki. Wageni hupiga picha za miti. Mimi huangalia nyayo: mzee anapita juu ya gogo lililolowa, chini yake mto mzima, naye anageuza kichwa kuongea na mtu aliye nyuma. Mto ule nao hubadilika, hupanda na kushuka, hung'oa miti. Lakini anayeisimamisha upya ni yeye, kwa mkono wake, akijua ni jiwe gani lilimdanganya mwaka jana. Hakuna anayekuja usiku kumsogezea gogo na kumwacha kikaratasi kwamba sasa uvuvi ni bora.

Baada ya kama miezi miwili nilitaka kutubu. Nikazunguka mji hadi nikapata diski ya 2003 kwa jamaa mmoja upande wa komini ya Tshopo, nikairudisha kwenye mashini ya Noko, mbele yake safari hii, si Jumapili. Alipoiona Fichier alicheka, akaweka mkono wote juu ya skrini kama anayempapasa mtoto kichwani.

Nilikuwa nimechelewa. Wanafunzi walikuwa wameanza kuja na kazi zao kwenye flashi, zimehifadhiwa kwa mtindo mpya, docx, na mashini ya Noko ilipozifungua ilitapika alama zisizosomeka. Kulikuwa na kifurushi cha Microsoft cha kutibu hilo, nilikipata kwenye saiba yenye mtandao wa setilaiti, kikanichukua mchana mzima na pesa ya samaki wa wiki. Kilisaidia kidogo. Lakini wateja walikuwa wameshajua kibanda cha jirani, na hapo nikaelewa kwamba kumrudishia mtu kitu chake si kumrudishia siku ile. Mikono ya Noko ilirudi nyumbani ikakuta mtaa umehama.

Kichekesho ni kwamba vidole vyake havikuwa vimekosea. Mwaka 2010 Microsoft wenyewe waliliondoa lile duara, wakaliweka tena neno Fichier, juu kushoto, palepale mkono wa Noko uliposimama hewani. Sikumwambia. Ningemwambia nini?

Jambo moja tu lilinipa faraja, na lilitokea katika ile miezi ya utepe. Jioni moja, umeme wa SNEL umekatika, tunasubiri jenereta ipoe, aliniambia amegundua kitu. Kutia wino mzito, ile Ctrl na G ya Kifaransa, wameiacha. Ctrl na S pia. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyerudi nyumba iliyoungua akakuta kikombe kizima. Siku hizi najua kwamba kila aliyebuni kitu anaacha vikombe vichache kwa makusudi, na mimi, ambaye bado naitwa huku na huko kuwawekea watu programu, nimejifunza kuuliza kabla ya kufuta: mkono wako unakwenda wapi kwanza? Wengi hawawezi kujibu kwa maneno. Nawaambia wanioneshe.

Noko alifariki 2018. Matanga yake yalijaa, turubai mbili, na wapo waliosimama wakasema tasnifu zao zilipita mikononi mwake. Kompyuta aliyoipenda ipo Kabondo, nyumbani kwa mjane wake, imefunikwa kitambaa. Huwa naiwasha nikienda kuwasalimia. Ile betri ndogo ya duara iliyo tumboni mwake imekufa, kwa hiyo kila inapoamka inadhani ni tarehe 1 Januari 2002. Word inafunguka polepole, ile ya 2003. Fichier iko juu, kushoto.